Jinsi ya kutoka Shimoni mpaka Lamu kwa ubao wa tanga ukiwa peke yako

Ukimuuliza mtu wa bichi pale Diani au Watamu kama mtu anaweza kufika Lamu kwa windisafingi atakwambia upepo upo, na ni kweli upo, Kusi ikishika inavuma miezi na miezi kutoka kusini mashariki na pwani yetu ya Kenya inapanda kuelekea kaskazini mashariki, kwahivyo unaupata mgongoni kidogo na ubavu wa kulia, ndo mwendo mtamu kabisa kwa ubao wa tanga, na jahazi zimepanda na upepo huu huu toka enzi za mababu. Lakini upepo sio utakaoamua siku yako. Siku yako itaamuliwa na maji: saa unayofika kwenye mwamba maji yako kiasi gani, na mlango, yaani lile pengo la kupita kwenye mwamba, uko wapi. Elewa hilo kabla hujanunua hata kamba, manake mengine yote nitakayosema hapa yanarudi hapo hapo.

Na usione kama ni kitu hakijawahi kufanyika duniani. Mwingereza Jono Dunnett alizunguka kisiwa chote cha Britania 2015 peke yake bila boti ya kumfuata, na Wabrazil wawili, Flavio Jardim na Diogo Guerreiro, walipanda pwani yote ya nchi yao 2004 mpaka 2005, zaidi ya kilomita 8,000, mizigo yao wameifunga juu ya mbao. Shimoni mpaka Lamu ukikata mistari ya ramani kutoka kituo mpaka kituo ni kama kilomita 320 hivi. Kwa mtu anayejua kuendesha ubao vizuri hiyo ni siku nane mpaka kumi za kusafiri, lakini tenga wiki tatu, manake siku za kukaa nchi kavu ukingoja zitakuwa nyingi na ukizinyima nafasi ndo utaanza kutoka siku ambayo hufai kutoka.

Wakati gani

Kusi inaanza Aprili hivi mpaka Oktoba. Aprili na Mei kuna mvua za masika na dhoruba za ghafla, wacha. Juni na Julai ndo Kusi yenyewe, inakaza, bahari ya nje inakuwa kubwa na hata wavuvi wengi hawatoki nje ya mwamba, sasa kama nahodha aliyezaliwa hapo ameivuta mashua yake juu mchangani wewe unaenda wapi? Watu wa windisafingi wanaipenda Julai kwa kucheza ndani ya mwamba, sawa, lakini safari ni kitu kingine. Wakati mzuri ni demani, mwisho wa Agosti mpaka mwanzo wa Oktoba, Kusi imelegea, unapata upepo wa noti (kipimo cha kasi ya baharini) 12 mpaka 18 mchana, mawimbi yamepungua na mkondo wa bahari bado unapanda kaskazini unakusukuma. Ukichelewa Novemba ni tanga mbili, upepo haueleweki, alafu Kaskazi ikiingia Disemba itakupiga usoni njia nzima, hapo geuza safari uanzie Lamu.

Kwa siku moja mara nyingi inakwenda hivi: alfajiri umande, yaani upepo mwororo wa kutoka bara, bahari imelala, kuanzia saa tatu au saa nne Kusi inaamka, saa saba mpaka saa kumi ndo iko juu. Panga uwe umetua saa tisa, saa kumi ukichelewa sana.

Hesabu ya maji

Hapa soma taratibu. Pwani ya Kenya maji yakiwa bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanapanda na kushuka mita tatu na zaidi, hiyo ni nyumba nzima ya maji. Ndani ya mwamba, ile sehemu iliyotulia kati ya bichi na mawimbi, maji yakijaa unapita kama bwawa na yakipwa ni vifundoni, mawe na mwani na wale wadudu wa miiba mieusi, pezi lako litagonga na wewe utaruka mbele.

Kwetu bamvua inajaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na inapwa karibu saa nne asubuhi. Maji mafu, yale madogo ya mwezi ukiwa nusu, ni kinyume chake, yanajaa karibu saa nne asubuhi. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Sasa unganisha: ukianza safari mwezi ukiwa nusu, yaani mwezi saba au nane au mwezi ishirini na mbili kwa hesabu ya mwezi mwandamo, siku ya kwanza maji yanajaa saa nne, kesho yake karibu saa tano, inayofuata saa sita kasoro, ivo ivo mpaka wiki inaisha uko saa tisa saa kumi. Maana yake wiki nzima maji makubwa yanakuangukia mchana wakati uko barabarani, una saa mbili na nusu kabla ya kujaa na saa mbili na nusu baada yake za kupita juu ya miamba bila wasiwasi. Alafu bamvua ikiingia, maji yanapwa saa nne saa tano asubuhi, hapo kaa. Pumzika Malindi, tengeneza vitu, ngoja mwezi urudi nusu uanze kipande cha pili. Mzee yeyote wa diko, pale mashua za wavuvi zinapotua, atakwambia leo ni mwezi ngapi na maji yatajaa saa ngapi bila kufungua simu, lakini jedwali la maji la Mombasa lipakue pia uwe nalo.

Kuna sababu nyingine ya kupenda kuingia mapema na hii watu wengi hawaifikirii. Pwani yetu iko magharibi yako unapoingia mlangoni. Ukiingia saa kumi jioni jua liko machoni, maji yote yanang'aa kama bati na huoni mwamba mpaka uko juu yake. Ukiingia saa tano saa sita jua liko juu na unasoma rangi: buluu nzito ni kina, kijani ni mchanga na maji kiasi, kahawia ni mwamba, kaa mbali. Miwani ya polaroidi inasaidia sana, ifunge na kamba.

Ubao na mzigo

Usichukue ubao mdogo wa kurukia mawimbi. Unataka ubao mrefu wa mbio, mita tatu na nusu mpaka karibu nne, ujazo mkubwa unaoelea hata ukisimama bila upepo, wenye pezi la katikati linalopanda na kushuka ili ukihitaji kukata joshi, yaani kwenda kuukabili upepo, uweze. Tanga moja tu, kwa mtu wa kilo 70 mpaka 80 chukua kati ya mita za mraba 6 na 7, zaidi ya hapo mchana utakuwa unapigana nalo na mzigo uko ubaoni. Mlingoti uwe wa vipande viwili, bumu (lile bomba unaloshika kwa mikono) liwe zima lisilo na ufa.

Vya akiba usivyoweza kuacha ni kiungo cha mlingoti (kile cha mpira kinachoshika mlingoti na ubao, hiki kikikatika safari imeisha hapo hapo majini kama huna kingine), pezi moja la nyuma, pezi moja fupi la mwani, kamba za kutosha, gundi ya epoksi na tepe ngumu, na kafi la vipande viwili ulilolifunga kwenye ubao. Laifu jaketi unavaa, sio unafunga. Na ujifunge na ubao kwa kamba ya kiunoni yenye kifungo cha kuachia haraka, manake ukianguka na mlingoti ukatoka, ubao mtupu unakimbia na upepo kuliko mtu yeyote anavyoweza kuogelea, mimi hapa sina mjadala na mtu.

Simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, pawabenki, redio ya VHF ya mkononi inayoelea, chaneli 16 ndo ya dharura dunia nzima, na kile kifaa cha dharura cha setilaiti, PLB, kimesajiliwa na namba za watu wa kwenu wanaojua uko safarini. Usitegemee mtandao wa simu peke yake, hasa baada ya Ngomeni. Vifaa hivi viwe mwilini, kwenye mifuko ya jaketi, sio kwenye begi lililofungwa mbele ya ubao, manake saa unayovihitaji inaweza kuwa ndo saa ubao hauko na wewe.

Maji ya kunywa lita nne mpaka tano kwa siku, na siku ya ghuba ya Ungwana ongeza. Chakula cha juu ya maji ni tende, kashata, karanga, mahamri ya jana, kitu unachokula kwa mkono mmoja. Nguo ya mikono mirefu, kofia yenye kamba, losheni ya jua usoni na nyuma ya magoti, viatu vya mpira lazima. Hema dogo, chandarua, basi. Mzigo wote kilo 15, ukifika 20 utausikia kila ukinyanyua tanga.

Juu ya maji

Unapokuwa nje ya mwamba kaa mbali nao, kilomita moja na nusu au mbili. Mtu mgeni anaona usalama ni kukaribia nchi kavu na hapo ndo hatari ilipo, Kusi inasukuma kuelekea pwani, kwahivyo kitu kikikatika unaelea taratibu kwenda kwenye mawimbi yanayovunjika juu ya mwamba. Ukiwa mbali una muda wa kukaa juu ya ubao, kubadilisha kiungo, kufunga kamba upya. Ukiwa mita mia mbili hauna. Na kutengeneza majini kufanyie mazoezi nyumbani kwanza, siku ya maji matulivu: vunja tanga lote ukiwa umekaa juu ya ubao, lizungushe kwenye mlingoti, lifunge, piga kafi nusu saa, alafu liunde tena. Kama hujaweza hilo bado hujawa tayari na hamna aibu yoyote kungoja msimu mwingine.

Mwendo hesabu kilomita 10 mpaka 12 kwa saa hata kama unajua unaweza kwenda 20. Kula na kunywa kila saa kabla hujasikia kiu. Mikono itatoka malengelenge siku za kwanza, paka mafuta ya nazi jioni na asubuhi zungushia tepe.

Njia yenyewe

Shimoni toka na maji yanayokupeleka, kati ya bara na kisiwa cha Wasini mkondo una nguvu. Kisite-Mpunguti ni hifadhi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na utakutana na hifadhi nyingine Mombasa, Watamu na Malindi, malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa serikali, lipa mapema ukae na risiti kwenye simu. Funzi na Gazi ni mikoko, pazuri pa kulala na watu wakarimu lakini usiingie ndani kabisa maji yakiwa yanapwa, utabaki kwenye tope. Kutoka Chale mpaka Tiwi, maji yakijaa unapita ndani ya mwamba wa Diani raha tupu.

Kilindini ni bandari kubwa ya Mombasa na meli haziwezi kukukwepa. Ule mlango wa meli usiufuate, ukate moja kwa moja, haraka, nje huko, baada ya kutazama pande zote na kungoja kama kuna kitu kinakuja. Piga simu au nenda mwenyewe siku moja kabla uwaambie watu wa bandari na wa Kenya Coast Guard unapita lini na ubao wako una tanga la rangi gani. Alafu tua Nyali au Bamburi.

Kutoka hapo ndani ya mwamba mpaka Shanzu, unapita mdomo wa Mtwapa, Kikambala, Vipingo, Takaungu. Kilifi mdomo wake ni wa kina lakini maji yakitoka na Kusi ikiingia vinagongana pale pale mlangoni na mawimbi yanasimama wima, ingia wakati maji yanajaa tu. Kilifi mpaka Watamu ni kama kilomita 37, Septemba unaweza bado kuona nyangumi huko nje, ukimuona mpe nafasi, usimfuate. Watamu mpaka Malindi ni fupi, kilomita 20 hivi, na kaskazini tu mwa Malindi ndo mdomo wa mto Sabaki, maji yake ya kahawia. Hapa ndo pumzika yako ya bamvua.

Kipande cha pili anza kwa siku fupi, Malindi mpaka Ngomeni, unapita Mambrui na Che Shale ambapo vijana wa kusafu kwa kaiti wako na watakusaidia ukikwama. Karibu na Ngomeni kuna majukwaa ya San Marco majini, Waitaliano walirushia roketi za setilaiti hapo 1967 mpaka 1988. Yapite mbali, usitue.

Ghuba ya Ungwana ndo mtihani wa safari nzima. Ngomeni mpaka Kipini ni kama kilomita 65 na hamna mwamba wa kukukinga, maji ni machafu na mafupi, mawimbi yanaanza kuvunjika mbali na nchi kavu, na nyuma ya ufuo ni mikoko na mito ya Tana. Ukitua katikati umetua porini. Kwahivyo siku hii usiende na siku nyingine yoyote: ngoja utabiri wa siku mbili mfululizo wa upepo wa kawaida, noti 13 mpaka 16, toka mara tu Kusi inapoamka, na weka mpaka wako kwamba kama saa sita huna nusu ya njia au upepo umekaza kuliko utabiri, unageuza unaingia pwani ya Ngomeni ungali na nguvu. Kaa nje ya mawimbi njia nzima. Kipini usitue ndani ya mdomo wa mto, Tana ina viboko na mamba na hata wenyeji wanapachukulia kwa adabu, pita mdomo mpaka ufuo wa mji wenyewe na utue mbele ya mashua za wavuvi.

Kipini mpaka Lamu ni kilomita 50 hivi za vilima vya mchanga, rasi na visiwa vya Tenewi. Ufuo wa Shela utauona mapema, ni mrefu kilomita 12, lakini usitue upande ulio wazi kwa Kusi, mawimbi yanapiga. Endelea mpaka mlango kati ya Shela na Manda, uingie na maji yanayojaa, kaa pembeni manake mashua za abiria na boti zinapita kwa kasi.

Watu wa diko

Ukitua mahali popote ubao usiuvute juu kabla hujasalimia. Tafuta mzee, shikamoo, jitambulishe, sema umetoka wapi na unakwenda wapi, alafu umuulize mwenyekiti wa BMU, ile kamati inayosimamia bichi ya wavuvi, yuko wapi. Yeye ndo atakuonyesha pa kulaza tanga na nani atakuangalia vitu, na ni haki umpe mlinzi chochote asubuhi. Swali la maana kuliko yote ni hili: "Mzee, mlango wa mbele kule uko wapi, na maji yakiwa kiasi gani unapitika?" Atakuchorea mchangani kwa kijiti. Piga picha, rudia kwa mdomo mbele yake asikie kama umeelewa, muulize na alama za nchi kavu, mnazi gani, mnara gani, nyumba gani unaipanga na nini. Ramani ya simu haina hizo alama. Ukikuta wavuvi wa dago, wale wanaohama na msimu, kaa nao usiku mzima ukiweza, wao wameipita njia yote na wanajua kila mahali pa kujificha.

Wakikwambia usitoke leo usitoke. Hata kama apu ya hali ya hewa inaonyesha kijani.

Upande wa usalama, kabla ya kutoka Malindi pita polisi uwaambie mpango wa Ungwana na Kipini na usikilize hali ikoje wiki hiyo, na kila jioni mtumie mtu mmoja wa nyumbani ujumbe umetua wapi, mkubaliane saa ambayo akikosa ujumbe anapiga simu kituo cha uokoaji Mombasa, sio kungoja asubuhi. Lamu ndo mwisho. Kwenda juu Kiwayu na Kiunga ni karibu na mpaka wa Somalia, usijipeleke peke yako.

Kurudi

Ubao hauendi kwa basi. Kutoka Lamu unavusha kwa boti mpaka Mokowe, hapo kuna malori yanayorudi Mombasa na nafasi baada ya kushusha mizigo, zungumza na dereva mwenyewe na mkubaliane bei kabla ya kupakia, viringisha ubao kwa magodoro au makuti na uufunge juu ya kila kitu, usikubali uwekwe chini ya magunia. Mlingoti wa vipande viwili na tanga lililoviringishwa vinaingia kwenye buti la basi, panda navyo wewe mwenyewe, na namba ya lori na ya dereva mwachie mtu wa Mokowe na mtu wa Mombasa.